Tasnifu ya uwandani, tasnifu ya maktabani au usomaji elekezi: ipi imfae mwanafunzi wa mwaka wa tatu?

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayeingia mwaka wa tatu katika fani za lugha, historia au sayansi za jamii hukabidhiwa fomu ya kuchagua kozi, na katika fomu hiyo mara nyingi huwamo kozi moja isiyo na ratiba ya vipindi, isiyo na ukumbi wa mihadhara wala mtihani wa mwisho. Hiyo ndiyo kazi ya kujitegemea chini ya msimamizi. Katika baadhi ya programu ni ya lazima. Katika nyingine ni ya hiari, na asiyeitaka huchukua kozi mbili za kawaida badala yake. Lakini hata pale inapokuwa ya lazima, uamuzi bado upo, kwa sababu kazi hii si ya namna moja. Mwanafunzi anaweza kwenda uwandani kukusanya data kwa watu, anaweza kuketi maktabani na nyaraka, au, pale idara inaporuhusu, anaweza kufanya usomaji elekezi, yaani kusoma orodha ya maandiko aliyokubaliana na mwalimu mmoja na kuyaandikia insha ndefu mbili au tatu.

Nilipita njia ya uwandani nikiwa mwanafunzi, na kwa miaka kadhaa sasa nimekaa upande wa pili wa meza nikiwasimamia wengine. Naona kwamba wengi huchagua kwa kuvutiwa na mada yenye jina kubwa, au kwa kufuata sifa ya urahisi inayosimuliwa mabwenini. Mimi nashauri kigezo kingine, ambacho nilikipata mlangoni kwa msimamizi wangu. Nilikuwa nikisema, “Shikamoo Mwalimu,” naye akijibu, “Marahaba. Umekuja na nini?” kabla sijavuta kiti. Maelezo ya mipango hayakumridhisha. Alitaka karatasi iliyoandikwa, hata iwe moja. Kwa hiyo mwanafunzi anayelinganisha njia hizi ajiulize hivi: ikifika wiki ya tatu ya muhula, ni katika njia ipi nitakuwa na kitu cha kuweka juu ya meza ya msimamizi?

Tuanze na saa, maana ndizo zinazosahaulika. Katika mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, na shahada ya miaka mitatu haipungui krediti 360. Kozi ya krediti 12 kwa hiyo ni saa 120 za kazi, nazo zikigawanywa katika wiki 15 za muhula ni saa nane kila wiki, yaani siku nzima ya kazi. Kozi ya kawaida hukupangia saa hizo kwa vipindi, semina na majaribio. Kozi ya kujitegemea haikupangii chochote, na mwanafunzi asiyeitengea siku yake maalumu, iwe Jumatano au Jumamosi, hushtuka wiki ya kumi imefika huku daftari lake likiwa na kichwa cha habari tu.

Tasnifu ya uwandani ndiyo inayozila saa hizo haraka kuliko zote. Tuchukue mwanafunzi wa isimu anayetaka kukusanya msamiati wa wavuvi wa dema, yaani mtego wa samaki unaosukwa kwa fito, katika pwani ya Kunduchi. Akifanya mahojiano kumi ya dakika 40 kila moja, atakuwa na dakika 400 za sauti, ambazo ni chini kidogo ya saa saba. Kiasi hicho kinaonekana kidogo. Lakini saa moja ya mazungumzo humchukua mnukuzi asiye mzoefu saa nne hadi sita kuiandika neno kwa neno, kwa hiyo unukuzi peke yake utamla karibu saa 33, zaidi ya robo ya saa zote za kozi, kabla hajachanganua neno hata moja. Ikiwa idara yake inaandika tasnifu kwa Kiingereza, kama zilivyo idara nyingi nje ya zile za Kiswahili, ataongeza saa za kutafsiri kila dondoo analotaka kulitumia, na tafsiri ya maneno ya mzee wa pwani si kazi ya kufanya usiku wa kuamkia tarehe ya kukusanya.

Kisha kuna vibali. Barua ya utambulisho hutoka chuoni, ikapita kwa katibu tawala wa mkoa, kwa katibu tawala wa wilaya, kwa mtendaji wa kata, hadi kwa mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa mtaa, na kila meza ina siku zake. Utafiti unaowagusa wagonjwa unahitaji kibali cha maadili kabla ya swali la kwanza kuulizwa, na utafiti wa watoto shuleni unahitaji ridhaa ya wazazi au walezi pamoja na ruhusa ya shule. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, mwanafunzi anayehifadhi majina, sauti na picha za watu katika simu yake hana budi kufikiria atazilinda vipi na atazifuta lini. Namshauri kila anayekwenda uwandani aandike fomu fupi ya ridhaa kwa Kiswahili chepesi na aisome kwa sauti mbele ya anayemhoji, kwa kuwa karatasi iliyosainiwa bila kueleweka haimlindi yeyote.

Uwanda nao una kalenda yake. Wavuvi hupanga kazi kwa bamvua na maji mafu, yaani siku za maji makubwa na za maji madogo, wala hawaijui ratiba ya muhula wako. Katika utafiti wangu niliketi ufukweni asubuhi moja karibu na mzee aliyekuwa akisuka dema, mikono yake ikipitisha ufito juu na chini ya wenzake hadi matundu ya pembe sita yakatokea yamelingana kana kwamba yamepimwa kwa rula. Nilimuuliza jina la ile sehemu ambayo samaki huingilia na kushindwa kutokea. Akanitajia, akanieleza na sababu ya jina lenyewe, nami nikaridhika kwamba simu inarekodi. Usiku, nilipoanza kunukuu, nikakuta upepo umeijaza sauti yote, na neno lile hasa limezimwa na injini ya boti iliyokuwa ikitoka. Niliporudi siku ya tatu nikaambiwa mzee amekwenda dago, yaani kambi ya wavuvi ya mbali, na hakuna aliyejua atarudi lini. Nililipata neno hilo wiki mbili baadaye kwa mtu mwingine, lakini maelezo yake sikuyapata tena. Tangu siku hiyo siendi kwa msemaji bila daftari na kalamu, na wanafunzi wangu nao nawataka waandike kila istilahi papo hapo, mbele ya aliyeitamka, kisha wamsomee ili awasahihishe.

Naisimulia hasara hiyo kwa sababu ndiyo inayoonyesha pia faida. Hakuna maktaba ambayo ingenipa neno lile. Tasnifu ya uwandani, hata iwe ya kurasa 40, inaweza kuweka katika maandishi kitu ambacho hakijawahi kuandikwa, na mwanafunzi wa miaka 22 akawa mtu wa kwanza kukihifadhi. Kwa mwenye nyumbani karibu na uwanda wake, yaani aliyekulia miongoni mwa wafinyanzi, wafugaji, mafundi seremala au wauza samaki, njia hii ina nafuu kubwa: hahitaji kujitambulisha upya, hapangi chumba, na wiki ya tatu anaweza kuwa na mahojiano mawili yaliyokwisha kunukuliwa. Kwa anayelazimika kusafiri mikoa miwili kwenda kwa watu asiowajua, hesabu inageuka. Bodi ya Mikopo huorodhesha gharama za utafiti miongoni mwa mambo inayoyakopeshea wanafunzi wanaostahili, lakini si busara kukata tiketi kabla fedha haijaingia.

Tasnifu ya maktabani huonekana duni machoni pa wanafunzi wengi, nami nadhani wanaidhulumu. Wanaifikiria kama kazi ya kuunganisha maneno ya watu, na ni kweli kwamba zile mbovu huwa hivyo. Tasnifu nzuri ya maktabani ina data yake halisi. Tofauti ni kwamba data hiyo imekwisha kuandikwa na inakusubiri. Gazeti la Mambo Leo lilianza kuchapishwa Dar es Salaam mwaka 1923, na ukurasa wake wa barua za wasomaji au wa mashairi unatosha kabisa kwa tasnifu ya shahada ya kwanza ikiwa mwanafunzi atajifunga kwenye miaka miwili tu. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyiko wa Afrika Mashariki na hazina ya miswada ya Kiswahili, mingi ikiwa imeandikwa kwa hati za Kiarabu. Nyaraka za Taifa zipo Dar es Salaam, na za Zanzibar zipo Kilimani. Asiye na nauli ya kwenda huko anaweza kusoma kwenye mtandao miswada ya Kiswahili iliyopigwa picha na chuo cha SOAS cha London, na kuna pia kongoo ya Kiswahili, yaani hazina ya matini katika kompyuta, ya Chuo Kikuu cha Helsinki, yenye maneno yapatayo milioni 25, ambayo humruhusu mtu kutafuta neno na kuliona katika mamia ya sentensi kwa dakika moja.

Nitoe mfano wa jinsi mada ya maktabani inavyobanwa hadi ifanyike. Mwanafunzi mmoja alikuja na mada isemayo “Athari za lugha za kigeni katika Kiswahili”. Mada hiyo ingeweza kumla mtu miaka kumi. Nikamwomba aniandikie sentensi mbili zenye maneno ya mkopo, akaandika “Madaktari wamefika” na “Magari yamefika”. Tukazitazama. Maneno yote mawili ni ya mkopo na yote mawili huchukua ma- katika wingi, lakini kitenzi cha kwanza kinafuata upatanisho wa viumbe wenye uhai na cha pili hakifuati. Je, ni hivyo daima? Na ikiwa neno la mtu limetumika kwa mashine, au jina la timu limetumika kwa wachezaji wake, waandishi wa magazeti huchagua upatanisho upi? Hapo alipata swali, akapata pa kulitafutia jibu, na mkutano uliofuata alikuja na jedwali la sentensi 60 alizozitoa kwenye kongoo. La namna hiyo ni pia swali la neno kompyuta linavyoshindana na tarakilishi, jozi ambayo msomaji wa Tanzania na wa Kenya huitazama kwa macho tofauti.

Hatari ya njia hii ni kutokuwa na ukuta. Uwandani, mahojiano yakiisha yameisha. Maktabani daima kuna jalada jingine. Ukuta huo mwanafunzi hujijengea mwenyewe, kwa miaka, kwa safu ya gazeti au kwa idadi ya sentensi, na auandike katika ukurasa wa kwanza wa andiko la utafiti ili msimamizi amkumbushe atakapoanza kuuvuka.

Usomaji elekezi nitausema kwa ufupi, kwa kuwa si idara nyingi zinazoutoa. Hauna data wala vibali, na gharama zake ni za kurudufu makala tu. Unamfaa mwanafunzi ambaye tayari anasoma bila kusukumwa na ana mjadala anaotaka kuuelewa kwa kina, kwa mfano mgogoro wa ushairi wa Kiswahili wa miaka ya 1970 kati ya waliotetea vina na mizani na waliotaka mashairi huru. Huyu atasoma hoja za kila upande, ataandika, na kila wiki mbili atakaa na mwalimu wake kuzijadili. Kikwazo kikubwa ni mwalimu mwenyewe: kazi hii inamdai saa yake nzima, tena mara kwa mara, na mwalimu mwenye darasa la mwaka wa kwanza lenye mamia ya wanafunzi ni vigumu kuitoa. Pale saa hiyo isipokuwepo, usomaji elekezi hugeuka kuwa kusoma peke yako na kukusanya insha mwishoni, na hapo ni afadhali kuchukua kozi ya kawaida yenye semina.

Kuhusu alama, tofauti ni ya wazi. Katika kozi za kawaida, vyuo vingi vyetu hutenga alama 40 kwa kazi za ndani ya muhula na 60 kwa mtihani, na ukichukua kozi mbili, kosa la siku moja linafidiwa na siku nyingine. Katika tasnifu, alama zote au sehemu kubwa yake zinaning'inia kwenye andiko moja. Kwa mwanafunzi ambaye wastani wake (GPA) umesimama kwenye 3.4, akitafuta kuvuka hadi 3.5 na kuingia daraja la pili la juu, au kwa anayelenga 3.8 inayodaiwa kwa nafasi ya mkufunzi msaidizi, hesabu hii si ndogo. Nimewaona wanafunzi wanaoandika vizuri nyumbani na kuvurugika ndani ya chumba cha mtihani, nao tasnifu huwapandisha. Nimewaona pia wenye kumbukumbu kali ya mihadhara ambao, wakipewa ukurasa mtupu, hawajui waanzie wapi. Mtu atazame alama zake za miaka miwili iliyopita, atenganishe zile za insha za nyumbani na zile za mitihani, na aamini kinachoonekana humo.

Lakini anayefikiria shahada ya umahiri asiipime tasnifu kwa alama peke yake. Vyuo vingi vya Ulaya na Marekani humwomba mwombaji sampuli ya maandishi yake ya kitaaluma na barua za walimu wanaomfahamu. Mwalimu aliyekufundisha katika ukumbi wa watu 300 ataandika kwamba ulipata B+. Mwalimu aliyesoma rasimu zako nne ataandika jinsi unavyofikiri, na hata pale ulipokosea atakuwa na la kusema juu ya namna ulivyojisahihisha.

Kwa sababu hiyo, kwangu mimi uchaguzi wa msimamizi una uzito kuliko uchaguzi wa njia. Wanafunzi hukimbilia profesa mwenye jina, na pengine ndiye anayefaa. Lakini profesa mwenye wanafunzi wa uzamivu sita na safari za nje mbili kwa muhula anaweza kukurudishia sura ya kwanza ikiwa imebaki wiki moja. Mhadhiri kijana, aliyemaliza utafiti wake juzi, mara nyingi huwa na njaa ya kusoma na huzikumbuka shida za uwandani zikiwa mbichi. Waulize waliomaliza mwaka jana mambo haya: alikuwa akirudisha rasimu baada ya siku ngapi, na aliandika nini pembeni? Kama pembeni palikuwa na alama ya vema tu na sahihi, huyo hakusoma. Kama palikuwa na maswali, hata yaliyomuudhi mwanafunzi, huyo mshike. Pale idara inapokupangia msimamizi bila kukuuliza, bado unaweza kuomba tarehe za mikutano ziandikwe tangu mwanzo, na kwa adabu ya kawaida walimu wengi hukubali: “Mwalimu, naomba nije kila Alhamisi ya pili na ya nne, hata kama nina ukurasa mmoja.”

Kuna jambo jingine ambalo nalisema kwa uchungu. Karibu na vyuo vingi zipo steshenari ambazo, pamoja na kuchapa na kujalidi, huuza tasnifu za zamani zikiwa zimebadilishwa jina na tarehe. Mwanafunzi aliyekwama katikati ya uwanda ndiye anayenunua, kwa sababu amekosa data na muda umekwisha. Mbali na programu za kukagua ulinganifu ambazo vyuo vinazidi kuzitumia, anayenunua anajinyima kitu pekee ambacho kozi hii ina uwezo wa kumpa, nacho ni ule ujuzi wa kuliendea swali akiwa peke yake na kurudi na jibu. Nikimtazama mtu kama huyo mbele yangu, huona kwamba kosa lilianza alipochagua njia ambayo isingempa chochote cha kuonyesha mapema.

Basi nikiulizwa na mwanafunzi aliye mbele yangu, nitamjibu hivi. Ikiwa uwanda wako uko ndani ya nauli ya daladala na watu wake wanakujua, nenda uwandani, na barua ya utambulisho uiombe kabla ya likizo ndefu. Ikiwa una kazi ya jioni, una mtoto nyumbani, au huna uhakika wa fedha, chagua maktaba na kongoo, kwa maana hizo hufunguliwa saa yoyote unayopata na hakuna atakayekuwa amekwenda dago. Ikiwa mwalimu mmoja amekwisha kukuazima makala mara mbili bila wewe kuomba, mwombe usomaji elekezi. Na ikiwa katika miaka miwili hujawahi kuandika insha bila kusubiri usiku wa mwisho, chukua kozi mbili za kawaida bila kuona haya.

Asiyejua yumo katika kundi gani afanye jaribio la siku tatu. Siku ya kwanza aandike swali lake kwa sentensi moja. Siku ya pili akusanye vipande vitano tu vya data ya aina anayoifikiria: maneno matano kutoka kwa msemaji mmoja, barua tano za gazeti, au aya tano kutoka katika makala moja. Siku ya tatu aandike ukurasa mmoja juu ya vipande hivyo, kwa mkono au kwa kompyuta, na aupeleke kwa mwalimu anayemtaka awe msimamizi. Dirisha la kubadili kozi hufungwa ndani ya wiki chache za mwanzo wa muhula, kwa hiyo siku hizo tatu azitafute likizoni, kabla fomu haijamfikia.